UZI: Filamu ya shule, matamasha 23, milioni moja na ushee. Karibuni tuongee

BarafuYaFeri (mwanzisha uzi)

Wakubwa shikamooni. Rika langu, mambo vipi.

Kila mwezi hapa anatokea mtu anauliza "nina filamu fupi, niipeleke tamasha gani?" na anajibiwa na watu wawili. Mmoja anamwambia Cannes kule Ufaransa, mwingine anamwambia aache kuota. Nimekuwa msomaji kimya muda mrefu. Leo naandika kwa sababu ada ya kujua haya nimeshailipa, tena kwa dola.

Nilisoma filamu hapa hapa Dar. Kazi yangu ya kumalizia chuo ilikuwa filamu ya dakika 17 kuhusu mtoto anayesukuma mkokoteni wa barafu pale soko la samaki Feri. Anapewa bonge la barafu alifikishe kwa mama mmoja muuza samaki kabla halijayeyuka, njiani yanamkuta ya kumkuta. Hiyo tu. Kamera ya kuazima, maiki tumeifunga kwenye mti wa fagio. Mwalimu akanipa A, darasa likapiga makofi, nikajiona nimeshafika Ouagadougou, kwenye tamasha kubwa la filamu za Afrika.

Kwa wenye haraka: nimetuma sehemu 23 ndani ya miezi kumi na minne. Nimekubaliwa 5. Nimehudhuria 2 kwa miguu yangu. Ada peke yake zimekula dola 438, weka na makato ya kadi, inapita milioni moja na laki. Bajeti ya filamu yenyewe ilikuwa laki tisa. Yaani nimetumia hela nyingi kuomba watu waitazame kuliko kuitengeneza.

Naleta kwa vipande maana naandikia kwenye simu.

MkodoleziMkuu

Naweka kambi hapa. Mwenye karanga apitishe.

BarafuYaFeri

Haya. Nilianza usiku mmoja kwenye tovuti ya FilmFreeway. Kwa wasioijua: unapandisha filamu mara moja, unajaza maelezo, unaweka posta, halafu kila tamasha ni kubofya na kulipa. Ubaya wake uko hapo hapo kwenye urahisi. Unabofya kama mtu anayenunua vocha. Halafu bei huwa inapanda kadiri siku zinavyokwenda. Anayewahi analipa kidogo, anayechelewa analipa hata mara mbili. Mimi nilikuwa nasubiri kaka apate mshahara, kwa hiyo kila mara nilikuwa kundi la wachelewaji.

Nikachagua kwa majina. Jiji kubwa la Ulaya au Marekani, neno "kimataifa", picha ya zulia jekundu, basi, nimelipa. Saba kati ya zile 23 nimekuja kugundua si matamasha kwa maana unayoijua wewe. Hayana ukumbi. Yanafanyika kila mwezi. Kila mwezi, jamani, hata kikoba hakina kasi hiyo! Vipengele vya zawadi ni zaidi ya sitini, mpaka "posta bora ya mwanafunzi wa mara ya kwanza". Baada ya wiki tatu unatumiwa picha ya yale majani mawili ya ushindi uyabandike kwenye posta. Cheti cha karatasi unaongeza hela, sanamu nayo ina bei yake.

Nimeshinda mara mbili huko. Mama alifurahi, akarusha kwenye kikundi cha ukoo, pongezi zikamiminika. Mjomba wangu, fundi wa pampu za maji, akauliza swali moja tu: "Ilionyeshwa wapi?" Nikakosa jibu. Nikaandika "mtandaoni" halafu nikafuta.

Tangu siku hiyo, kabla sijalipa natafuta ratiba ya mwaka uliopita. Tamasha la kweli lina ratiba yenye ukumbi, saa na jina la filamu. Nachukua filamu fupi tatu humo, nawatafuta waliozitengeneza Instagram, nawauliza: ulikwenda? watu walikuwepo? Wanajibu kuliko unavyodhani, hasa wale wenye uchungu.

MhaririUsiku

Mdogo wangu, hongera kwa kuliweka wazi hilo la majani, wengi wanaona aibu.

Niongeze la upande wa pili wa meza. Misimu miwili nilikuwa mchambuzi wa awali wa tamasha moja, silitaji. Wachambuzi wa awali ni watu wa kujitolea. Unapewa filamu mia na ushee, unazitazama usiku kwenye kompyuta baada ya kazi, mtoto analia chumba cha pili. Filamu fupi zinapangwa kwa mafungu ya kama dakika 90. Filamu ya dakika 17 inachukua nafasi ya mbili za dakika nane. Haikatazwi kuingia, ila lazima mpangaji awe tayari kuzitosa hizo mbili kwa ajili yako.

Na nembo. Nawaombeni kwa heshima. Nembo ya kampuni yako, nembo ya kampuni ya rafiki yako, nembo ya chuo, halafu jua linachomoza kwa droni. Dakika ya pili bado sijamwona binadamu.

BarafuYaFeri

Kaka MhaririUsiku, umenichoma penyewe. Nembo zangu zilichukua dakika 1 na sekunde 40. Na jua lilikuwepo.

Ngoja niseme hesabu ambayo sikutaka kuisema. Toleo la dakika 17 nililituma mara 14. Ukiacha yale ya majani, nilikubaliwa moja. Baadaye nikalipunguza likawa dakika 11, nikatuma mara 9, nikakubaliwa manne. Filamu ile ile, mtoto yule yule.

Nilichokata kiliniuma. Kulikuwa na mzee mvuvi anayesimulia Feri ya zamani, dakika tatu nzima, sauti yake kama redio ya mbao. Mimi nilimpenda, filamu haikuwa na kazi naye. Nikakata na wimbo wa taarab wa mwanzoni, huo kwa sababu nyingine kabisa. Fomu ya tamasha ilinitaka nisaini kwamba haki za muziki wote ninazo, na mimi nilikuwa nimeupakua tu kama tunavyopakua sote. Rafiki yangu mpiga ganuni akanipigia kipande cha sekunde arobaini kwa nauli na chipsi mayai, tukaandikiana karatasi.

KamaSioWewe

Hapo kwenye kukataliwa nina donge. Kiungo changu cha Vimeo, ile tovuti ya kuweka video, kinaonyesha idadi ya waliotazama na nchi zao. Tamasha moja lilinila dola 45, likanijibu "tumeitazama kazi yako kwa makini". Nchi ile haijabofya hata mara moja. Sifuri!

MhaririUsiku

Pole ndugu. Ila namba zile usizichukue kama ushahidi wa mahakamani. Mchambuzi anaweza kuwa anaishi nchi nyingine kabisa. Sikatai kwamba wahuni wapo. Mimi mwenyewe nimeona filamu zikifungwa sekunde ya arobaini.

KijanaWaEastlands

Niaje watu wa Dar. Uzi mtamu huu. Lakini mbona tunaogopa matamasha makubwa? Filamu inayoitwa "Rafiki", ya Wanuri Kahiu, ilifika Cannes 2018, filamu ya Kenya ya kwanza kuchaguliwa kule. Mwanafunzi asijaribu?

BarafuYaFeri

Ajaribu, ndugu yangu, ila ajue mlango wake ni upi. Ile ni filamu ndefu yenye watayarishaji wa nchi kadhaa nyuma yake. Sisi wa shule mlango wetu Cannes unaitwa La Cinef, ulianza 1998 kwa jina la Cinéfondation, ni wa filamu za wanafunzi tu. Miaka ya karibuni wanapokea maombi zaidi ya elfu mbili na kuchukua yasiyofika ishirini. Nilituma, wakanikataa kwa adabu.

Afrika kwenyewe kuna milango mikubwa ambayo wengi wetu hatuibishi hodi kwa sababu hatujui kalenda. FESPACO, ile ya Ouagadougou kule Burkina Faso, ipo tangu 1969, sasa hufanyika miaka ya witiri, ukimaliza filamu wakati mbaya unakaa unaitazama ikizeeka. Carthage kule Tunis ni ya 1966, kubwa kuliko FESPACO kwa umri. Durban ipo tangu 1979, na ina mafunzo ya vijana yanayofanywa kwa ushirikiano na tamasha la Berlin, ambayo binafsi nayaona ya thamani kuliko kuonyeshwa tu. Na hapa nyumbani tuna ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, pale Unguja, tangu miaka ya 1990, zawadi yake kuu ni Jahazi la Dhahabu. Boti ya asubuhi umefika.

Aibu yangu ndiyo hii: ZIFF niliiweka ya mwisho kwenye orodha yangu. Niliiona ya karibu mno. Nilitaka kwenda mbali.

BintiForodhani

Ahlan. Mie nipo Mji Mkongwe, nimejitolea miaka mitatu kuongoza wageni siku za tamasha. Tena wewe nakukumbuka! Si ndiye uliyekuwa umesimama ukutani pale Ngome Kongwe filamu yako inaonyeshwa, umejifunika mtandio hadi puani? Nikakuletea kiti ukakataa. Hebu wasimulie wenzio, usijifanye kusahau.

BarafuYaFeri

Dada jamani, umeniumbua! Ndiye mimi.

Haya, nisimulie. Nilifikia kwa shangazi yake mwanafunzi mwenzangu, Michenzani, kwa hiyo malazi yalikuwa kilo mbili za sukari na heshima. Filamu iliwekwa usiku, kabla ya filamu ndefu, pale Ngome Kongwe. Kwa asiyefika: ni ngome ya Waarabu wa Omani iliyo mkabala na Forodhani, ndani kuna ngazi za mawe za kukalia na juu hakuna paa, ni nyota. Upepo wa bahari unapita. Nyuma ya kuta unasikia watu wa Forodhani wanauziana mishikaki.

Kufikia hapo filamu yangu ilikuwa imetazamwa darasani na kwenye simu. Darasani watu wananyamaza kwa heshima. Pale hakuna aliyenyamaza. Mtoto wangu alipoanza kusukuma barafu, kina mama wa mbele wakaanza kumwelekeza kama wanamwona dirishani. "Pita kule! Pita kule kuna kivuli!" Alipotokea yule jamaa wa kumrubuni, ukumbi mzima "Mwongo huyo!" Ilikuwa kama kibanda umiza siku ya fainali. Halafu ikaja sehemu niliyoiandika ili watu walie, mtoto amekaa chini na bonge limebaki kama sabuni ya kuogea. Wakacheka. Si wachache, ngazi zote. Hapo ndipo nilipojifunika mtandio.

Baada ya onyesho nikapita pembeni nitoroke. Mzee mmoja wa makamo ya babu yangu, kofia ya viua, akaniita. "Mwanangu, wewe ndiye mwenye barafu?" Nikaitikia. Akasema, "Picha nzuri. Lakini mtoto gani wa pwani asiyejua kuifunika barafu kwa gunia na maranda?"

Wakuu, nilikaa chini. Nilirekodi siku nne pale Feri na nimezunguka na filamu ile miezi. Walimu watatu wameipitia, mhariri ameikata mara nane, na wachambuzi wa Ulaya wameniandikia barua kuhusu "mdundo" na "ukimya". Hakuna aliyeona kwamba barafu haina gunia. Pale Feri kila bonge lina gunia! Sisi tuliliondoa wenyewe kwa sababu lilikuwa linaharibu mng'ao kwenye kamera. Ndiyo maana watu walicheka. Hawakumcheka mtoto, walikuwa wananicheka mimi.

BintiForodhani

Yule mzee namjua, hakosi mwaka, hata picha za Kifaransa zisizo na tafsiri anazikalia. Alinambia mimi siku ya pili, "yule mtoto wa kike wa barafu atafika, kasikiliza."

BarafuYaFeri

Mbona hukuniambia siku ile! Sasa nalia ndani ya daladala.

Mtaalamu_wa_Mkeka

Maneno mengi. Swali ni moja: hela iko wapi? Jahazi la dhahabu linalipa kodi ya nyumba?

BarafuYaFeri

Kaka, halikunipa hata la bati, sikushinda kitu. Filamu fupi haijaniingizia shilingi. Ila wiki tatu baada ya Zanzibar nilipigiwa simu na mtu aliyekuwa amekaa ngazi za juu, nikapata siku sita za kazi ya uongozaji msaidizi kwenye tangazo, na hiyo ililipa. Sijui kama unaliita hilo faida ya tamasha au bahati. Mimi mwenyewe nabadilika kila nikiulizwa.

FundiMawimbi

Dada umesema umehudhuria mawili. La pili?

BarafuYaFeri

La pili lilikuwa nchi jirani, silitaji maana nina malalamiko. Basi, saa kumi na tano, miguu imevimba. Barua ilisema "wageni wetu watapokelewa". Aliyenipokea ni bodaboda. Filamu iliwekwa Jumanne saa tano asubuhi, ukumbi wa viti mia mbili, wakaja watu tisa. Nilihesabu. Wanane ni watengenezaji filamu wanaosubiri zao, wa tisa mlinzi.

Halafu sauti. Filamu ilirekodiwa kwa fremu 25 kwa sekunde, wao wakataka DCP, yaani faili maalumu la kuonyeshea filamu kwenye kumbi za sinema, mimi nikamwachia mtu aigeuze bila kuuliza atafanyaje. Kufika dakika ya saba midomo inakwenda huku, maneno yanakuja nyuma kama mgonjwa. Na kwa kuwa ilikuwa sauti ya njia mbili tu, spika ya katikati ilikuwa kimya, mazungumzo yanatokea pembeni kabisa ya ukumbi.

FundiMawimbi

Hiyo ya fremu inaua wengi. DCP kwa kawaida ni 24, mashine nyingi za siku hizi zinasoma 25 pia, ila uwaulize ukumbi kwanza kwa maandishi. Programu ya DCP-o-matic ni ya bure, jifunze mwenyewe uache kuwalipa wa mtaani. Mazungumzo yaweke njia ya katikati. Na usitume diski bila kuitazama yote, mwanzo hadi mwisho, kwenye ukumbi wowote wa kweli utakaokubali kukufungulia asubuhi.

BarafuYaFeri

Asante fundi. Mengi ya haya niliambiwa kule kule, na mmoja wa wale wanane. Ni mnasa sauti kutoka Kampala, tulikaa kwenye ngazi za nje tukila mandazi baridi, akanichorea njia za sauti kwenye bahasha. Ndiye amechanganya upya sauti ya toleo nililonalo sasa. Kwa hiyo tamasha lile lilikuwa bovu na ningelirudia, ila si kwa basi.

KamaSioWewe

Na Ulaya? Umesema ulikubaliwa matano.

BarafuYaFeri

Moja lilikuwa Ulaya, la kweli, lina ratiba na ukumbi. Mwaliko ulikuja wiki nne kabla. Wanalipa hoteli usiku tatu, tiketi ujitegemee. Viza ya Schengen ni euro 90, weka bima ya kufikia euro 30,000, taarifa za benki za miezi kadhaa, na miadi yenyewe niliyoipata ilikuwa siku mbili baada ya tamasha kufungwa. Nikazungumza nao kwa video kutoka chumbani, umeme ukakatika katikati ya swali la pili. Nimeambiwa walinipigia makofi. Sikuyasikia.

Ukitaka la nje, soma kwanza lini wanatoa majibu. Kama kati ya jibu na tamasha hakuna miezi miwili, hesabu kwamba filamu itakwenda na wewe utabaki. Na uwaandikie kuomba msamaha wa ada kabla hujalipa. Barua fupi: mimi ni mwanafunzi, natoka huku, filamu inahusu hiki, nimeona mwaka jana mlionyesha fulani na fulani. Niliandika sita, wawili wakakubali. Ningejua mapema ile 438 isingefika hapo.

KijanaWaEastlands

Sasa hiyo filamu tutaiona wapi sisi? Iweke YouTube.

BarafuYaFeri

Bado kidogo. Kuna tamasha moja linataka isiwe imewekwa wazi mtandaoni, nasubiri jibu lao. Wengine wa filamu fupi hawajali, kila mmoja na sheria zake.

Ila kuna mahali haijaonyeshwa na nimeona aibu: Feri kwenyewe. Yule mtoto wa mkokoteni sasa ana ndevu mbili tatu, kila nikipita ananiuliza "dada ile picha iliisha?" Nimepeleka barua kwa afisa utamaduni wa wilaya, wa soko wameshakubali kwa mdomo. Nataka Jumamosi jioni baada ya mnada, ukutani. Shuka jeupe ninalo. Projekta nimepata ya kuazima. Genereta nakodi.

Kwanza nitarudi na kamera siku moja, nirekodi upya sekunde ishirini za barafu ikiwa na gunia.

FundiMawimbi

Spika ninazo mbili, nitakuja nazo. Usiweke genereta upande wa upepo, utasikia genereta tu. Una waya wa mita ngapi?

BarafuYaFeri

Ishirini.

FundiMawimbi

Haitoshi. Nakuja na hamsini.